Ndani ya Tuta la Ufipa

Mvua zikikolea, kati ya Januari na Machi, nyasi za uwanda wa Ufipa hufika kiunoni. Wakati huo jembe la Mfipa lilikuwa na kazi ambayo mkulima aliyezoea kufyeka na kuchoma angeishangaa. Halikuzifyeka nyasi. Lilichimba bonge la udongo pamoja na nyasi zake, likaligeuza kichwa chini, nyasi zikafunikwa ndani na mizizi ikatazama juu. Bonge likawekwa juu ya bonge mpaka likasimama tuta la mviringo, upana wake kiasi cha mita moja. Juu ya tuta yakapandwa maharage. Kiangazi kikapita. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, tuta lilibomolewa, udongo wake ukatandazwa shambani, ukasiwa ulezi.

Wafipa huliita tuta hilo intumba. Ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Zambia, Wamambwe wana kilimo cha namna hiyo hiyo, nao hukiita fundikila. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi Ufipa miaka ya 1960, aliyaandika matuta haya kama sehemu ya maisha ya Wafipa. Uwanda huu, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na ambao mji wake wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, una maeneo mapana yasiyo na miti ya kukata na kuchoma. Una nyasi. Wafipa wakazitia nyasi hizo kazini.

Kinachonivutia kuliko vyote ni ule mpangilio: maharage kwanza, ulezi baadaye. Angeweza mtu kuuliza kwa nini nafaka, chakula kikuu, isubiri mpaka msimu unaofuata, na jamii ya kunde ndiyo itangulie kwenye udongo uliojazwa nyasi mbichi. Jibu liko ndani ya seli, na mtu akilifahamu, hatasoma tena somo la seli kama tulivyolisoma wengi wetu.

Tulilisoma hivi. Mwalimu wa bailojia alichora ubaoni michoro mitatu. Wa kwanza, seli ya bakteria: ndogo, haina kiini, DNA yake imejikunja katikati bila kufunikwa na chochote. Wa pili, seli ya mmea: ina kiini, ina ukuta mgumu, ina kloroplasti za kijani na vakuoli kubwa iliyojaa maji. Wa tatu, seli ya mnyama: ina kiini, haina ukuta, imezungushiwa utando mwembamba tu. Tukachora jedwali la tofauti, tukakariri, tukafaulu mtihani. Mwanafunzi wa Laela au Namanyere akarudi nyumbani likizo, akakanyaga tuta la wazazi wake bila kujua kwamba michoro yote mitatu iko chini ya nyayo zake, na kwamba humo haiishi mbalimbali kama ilivyokaa ubaoni. Humo seli zinalana, zinaingiliana, zinalishana.

Njia nzuri ya kuliona hilo ni kufuata kitu kimoja tu, nitrojeni. Hewa tunayoivuta ni nitrojeni kwa asilimia 78. Protini yoyote, iwe ya jani, ya msuli au ya maziwa, ni nitrojeni kwa kadiri ya asilimia 16 ya uzito wake. Bila nitrojeni hakuna protini, hakuna DNA, hakuna seli. Hata hivyo ng'ombe aliyezungukwa na hewa hiyo anaweza kufa kwa kukosa nitrojeni, na muhindi uliosimama katikati yake ukapauka ukawa njano, kwa sababu atomi mbili za nitrojeni ya hewani zimeshikana kwa nguvu kubwa mno. Seli ya mnyama haina chombo cha kuziachanisha. Ya mmea nayo haina. Chombo hicho wanacho baadhi ya bakteria na jamaa zao wa kale wasio na kiini, basi.

Tuanze na nyasi iliyofukiwa. Seli ya nyasi ikiwa hai huvuta maji ikajaa, vakuoli ikausukuma utando, utando ukausukuma ukuta, na mgandamizo huo ndio unaolisimamisha jani kama upepo unavyolisimamisha tairi la baiskeli. Maji yakipungua, jani linanyauka. Seli ikifa, vilivyomo ndani huoza haraka: protini, sukari, mafuta ya tando. Kinachobaki ni ukuta. Ukuta huo umefumwa kwa selulosi, minyororo mirefu ya glukosi iliyolazwa sambamba na kufungamanishwa, na katika shina lililokomaa huongezewa lignini, ile dutu inayoupa mti ugumu wake. Kwa hiyo tuta jipya la Ufipa, tukilitazama kwa hadubini, ni lundo la kuta tupu: sukari tele, nitrojeni kidogo sana.

Hapo bakteria wa udongoni wanaingia, wakisaidiwa na kuvu. Bakteria mmoja ana urefu wa maikromita moja au mbili, maana yake ukiwapanga mamia kwa mamia hadi elfu moja ndipo utapata milimita moja. Katika gramu moja ya udongo wenye rutuba wanaweza kufika bilioni. Naye ana ukuta, lakini si wa selulosi. Wa kwake ni wavu wa sukari na vipande vya protini unaoitwa peptidoglikani, uliomzunguka pande zote. Ukuta huo unamzuia kumeza chochote kigumu. Hana mdomo, na hawezi kujipinda akakizingira chakula kama zifanyavyo chembe nyeupe za damu yetu. Analofanya ni kutoa vimeng'enya nje ya mwili wake, vikaikata selulosi ikiwa huko huko nje, kisha anafyonza vipande vidogo vya sukari kupitia utando wake. Anakula nje, anashiba ndani.

Sasa hesabu ya tuta inakuwa ngumu kidogo, na ndiyo iliyoamua kalenda ya Wafipa. Mwili wa bakteria una nitrojeni nyingi: kwa kila atomi 5 hadi 8 za kaboni, moja ya nitrojeni. Nyasi iliyokomaa ina atomi 50 za kaboni au zaidi kwa moja ya nitrojeni. Bakteria akizaana juu ya nyasi hiyo anapata sukari ya kutosha na zaidi, ila nitrojeni ya kujengea miili ya wazao wake haimtoshi. Anaichukua kwenye udongo unaomzunguka. Wakati huo udongo wa tuta, ingawa umejaa uhai, ni fukara kwa mmea. Ungesia ulezi hapo, mizizi yake ingegombea nitrojeni na bakteria mabilioni walio karibu nayo zaidi na wenye njaa zaidi, na ulezi ungeshindwa. Majani yake yangetoka ya njano, membamba.

Miezi inapita. Sukari ya kuta za nyasi inakwisha. Bakteria wanakufa, wengine wanaliwa na protozoa na minyoo midogo, na nitrojeni waliyokuwa wameihodhi inaachiwa udongoni kidogo kidogo. Halafu huja kiangazi cha Ufipa, Mei hadi Oktoba, baridi ya Juni na Julai na upepo mkavu. Udongo unakauka. Bakteria walio hai wanajilimbikizia chumvi na vitu vingine vinavyoyeyuka ndani ya seli zao ili wasipoteze maji, wanapunguza kasi ya maisha, wanangoja.

Mvua ya kwanza ikinyesha, jambo la ghafla hutokea. Maji yanakimbilia ndani ya seli zile zilizojaa chumvi. Nyingine zinapasuka, nyingine zinatapika haraka akiba yao ili zisipasuke. Walionusurika wanakula mabaki ya wenzao na kuzaana kwa kasi, na nitrojeni inamwagika udongoni kwa wingi ndani ya siku chache. Mtaalamu wa udongo H. F. Birch aliyapima mambo haya akiwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki pale Muguga, Kenya, akachapisha matokeo yake mwaka 1958, na mpaka leo wanasayansi wa udongo duniani kote huliita tukio hilo kwa jina lake. Mkulima wa Ufipa anayebomoa tuta na kusia ulezi mvua zinapoanza anaiwahi nitrojeni hiyo kabla mvua kubwa hazijaisukuma chini, mbali na mizizi. Akichelewa, imekwenda.

Ndiyo maana ulezi husubiri. Na maharage? Yenyewe hayana sababu ya kusubiri, kwa sababu yana mkataba na bakteria wa aina nyingine.

Anayetaka kuuona mkataba huo kwa macho yake achague shina la maharage lililoanza kutoa maua. Asiling'oe kwa kulivuta, maana atakachokitafuta kitabaki ardhini. Achimbe pembeni kwa jembe, alitoe na udongo wake, kisha auoshe mzizi taratibu katika ndoo ya maji. Ataona vinundu vya mviringo, vya milimita 2 hadi 5, vimeshikamana na mizizi midogo. Si ugonjwa. Minyoo ya udongoni nayo huweza kuvimbisha mizizi, lakini uvimbe wake ni mzizi wenyewe ulionenepa, hali kinundu kimebandikwa ubavuni na hubanduka kwa ukucha. Achukue wembe, akipasue kinundu katikati. Kikiwa kinafanya kazi, ndani kitakuwa na rangi ya waridi, karibu nyekundu. Kikiwa cheupe, hakijaanza kazi au kimekaliwa na bakteria wavivu. Kikiwa cha kijani au kahawia, kimezeeka.

Rangi ile nyekundu ni jamaa wa karibu wa hemoglobini ya damu yetu, na ina chuma ndani yake kama yetu. Mmea usio na damu unatengeneza kitu cha jamii ileile na kinacholeta wekundu wa damu, na ipo sababu nzito ya kufanya hivyo.

Mambo huanza hivi. Mzizi wa maharage ukikosa nitrojeni hutoa kemikali fulani udongoni. Bakteria wa jamii ya Rhizobium wanazitambua, wanausogelea mzizi, nao wanajibu kwa kemikali ya kwao. Kinyweleo cha mzizi, ambacho ni seli moja tu iliyorefuka, kinajikunja na kuwazingira. Kisha ukuta wa kinyweleo unabonyea kuelekea ndani, ukawa mrija mwembamba, na bakteria wanapita humo wakizaana njia nzima. Mbele yao, seli za ndani ya mzizi zinaanza kugawanyika kabla hata hawajafika, zikijenga kinundu cha kuwapokea. Hatimaye bakteria wanaingia ndani ya seli zenyewe, maelfu katika seli moja, kila mmoja au kikundi kidogo kikiwa kimefunikwa na utando wa mmea. Wapo ndani ya seli, lakini utando huo unawatenga na saitoplazimu. Kila wanachopokea na kila wanachotoa lazima kivuke hapo.

Wakishakaa, wanaacha kuishi kama walivyoishi udongoni na kushika kazi moja. Kimeng'enya chao kiitwacho nitrojenesi kinaivunja nitrojeni ya hewa na kuifanya amonia. Gharama yake ni kubwa: kwa kila molekuli moja ya nitrojeni, molekuli zisizopungua 16 za ATP, ile dutu inayobeba nishati ndani ya kila seli. Nishati hiyo inatoka kwenye sukari iliyotengenezwa na kloroplasti za majani na kuteremshwa mpaka kwenye mzizi. Na kuna kikwazo. Nitrojenesi huharibiwa na oksijeni, wakati bakteria anahitaji oksijeni ili apate nishati ya kuiendesha. Hapo ndipo inapoingia dutu nyekundu. Inaishika oksijeni na kuigawa kidogo kidogo, ya kumtosha bakteria kupumua, isiyotosha kuharibu kimeng'enya. Ukipasua kinundu kwa wembe unakuwa umeyaona mapatano yenyewe: seli ya mmea na seli ya bakteria zimegawana kazi ambayo hakuna kati yao ingeiweza peke yake.

Mwaka 1967 mwanabiolojia Mmarekani Lynn Margulis, wakati huo akitumia jina la Lynn Sagan, alichapisha makala iliyodai kwamba mitokondria, zile sehemu za seli zinazotupatia nishati, zilikuwa zamani bakteria walioingia ndani ya seli nyingine wakabaki humo. Kloroplasti nazo vivyo hivyo. Wengi walimpinga. Leo madai hayo yanafundishwa shuleni, kwa kuwa mitokondria na kloroplasti zina DNA zake zenyewe na ribosomu, mashine za kujengea protini, zinazofanana na za bakteria. Jedwali letu la tofauti lilitufundisha kwamba seli ya mnyama na seli ya mmea zina mitokondria na bakteria hana. Halikutuambia kwamba hana kwa sababu, kwa asili, mitokondria ni bakteria. Kinundu cha maharage kinaonyesha hatua za mwanzo za jambo ambalo ndani ya miili yetu lilikamilika zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita.

Mapatano hayo huvunjika kirahisi. Maharage, tofauti na soya au kunde, si hodari sana wa kujipatia nitrojeni. Yakipandwa kwenye udongo wenye tindikali nyingi na fosforasi kidogo, vinundu huwa vichache. Mkulima akimwaga urea kwenye maharage yake kwa nia njema, mmea hupata nitrojeni bila jasho na huacha kuwapokea bakteria. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilitengeneza kwa ajili ya wakulima bakteria wa kupaka kwenye mbegu, wakaitwa Nitrosua. Kazi ya namna hiyo inastahili kuendelezwa kwa nguvu kuliko ilivyo, ingawa ina ugumu wake: pakiti ile si mbolea bali ni seli hai. Ikiachwa juani nje ya duka la pembejeo, mkulima atanunua unga wa maiti.

Siku hizi matuta yamepungua. Plau la maksai limeingia, mahindi yameutwaa uwanda, na Rukwa, mkoa wenye uwanda huu, imekuwa miongoni mwa mikoa inayotegemewa kulisha nchi. Mahindi ya kibiashara hayasubiri nyasi zioze. Yanataka nitrojeni ya mfuko, ambayo kiwandani hutengenezwa kwa joto la nyuzi 400 au zaidi na mgandamizo wa mara 150 ule wa hewa ya kawaida au zaidi, njia iliyogunduliwa Ujerumani na Fritz Haber na kukuzwa na Carl Bosch, kiwanda cha kwanza kikaanza mwaka 1913. Bakteria wa maharage anafanya kazi hiyo hiyo katika baridi ya udongo wa Sumbawanga. Bei za mbolea zilipopanda kupita kiasi, Serikali ya Tanzania ililazimika kuweka ruzuku, na msimu wa 2022/23 mfuko wa kilo 50 wa urea ukauzwa kwa shilingi 70,000. Sitaki kuibeza mbolea ya dukani, kwa maana bila hiyo maghala yangekuwa tupu. Uhitaji wake unaonekana kwenye jani la chini la muhindi wenye njaa: umanjano unaanzia nchani, unateremka kufuata mshipa wa katikati hadi unachora umbo la V. Kila molekuli ya klorofili ina atomi nne za nitrojeni. Mmea ukikosa nitrojeni unazivunja kloroplasti za majani ya zamani na kuihamishia nitrojeni yake kwenye majani machanga. Mkulima anayeijua alama hiyo anajua pia kwamba akiiona mahindi yakishafika kifuani, mbolea ya kukuzia imechelewa.

Maksai anayelivuta plau naye ni sehemu ya habari hii. Hana kimeng'enya cha selulosi, sawa na sisi. Anayemsaidia ni bakteria aliyeko katika tumbo lake la kwanza, ambamo majani hulowekwa, hucheuliwa na kusagwa upya wakati kuta za seli zikivunjwa. Ng'ombe hujipatia nishati kutokana na mabaki ya kazi hiyo. Lakini protini yake nyingi inatokana na bakteria wenyewe: wakisukumwa mbele mpaka tumbo la nne, ng'ombe huwamwagia tindikali na kimeng'enya kinachopasua kuta zao za peptidoglikani, akawameng'enya. Tunamwita mla majani, ila kwa hesabu ya nitrojeni ni mla bakteria.

Ukuta wa bakteria una maana nyingine kwa mfugaji. Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, hufanya kazi kwa kuzuia bakteria asijenge peptidoglikani. Anapokua, ukuta unaachia, maji yanaingia, anapasuka. Seli ya ng'ombe haina ukuta huo, kwa hiyo dawa haiigusi. Sasa chukua homa ya mapafu ya ng'ombe, ugonjwa ulioutesa ufugaji wa Afrika kwa zaidi ya karne. Anayeusababisha ni bakteria wa jamii ya Mycoplasma, na huyu hana ukuta kabisa, ana utando peke yake. Mfugaji anayemdunga mnyama wake penisilini kwa ugonjwa huo ametupa fedha, kwa kuwa dawa inatafuta kitu ambacho hakipo. Oksitetrasaiklini, ambayo wafugaji wengi huiita OTC, inalenga ribosomu za bakteria, na ribosomu huyu anazo. Hupunguza makali, lakini mnyama aweza kupona kwa nje huku akibaki na bakteria mapafuni, akaambukiza zizi zima. Kinga ya kweli ni chanjo, na chanjo inayotumika katika sehemu kubwa ya Afrika, T1/44, ilitokana na bakteria aliyepatikana Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, akapitishwa mara 44 katika mayai ya kuku. Ni fahari ya nchi hii ambayo sijawahi kuiona kwenye kitabu cha shule.

Nitrojeni yetu iliyotoka hewani, ikapita kwa bakteria, ikaingia kwenye seli ya maharage, inaelekea sasa kwenye sahani. Na hapa Rukwa ina jambo linaloumiza. Utafiti wa taifa wa demografia na afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Ule wa 2022 ulikuta bado ni karibu nusu. Huu ni mkoa wenye mahindi ya kuuza. Watoto hao wengi wao hawalali na njaa. Wanalala wameshiba ugali.

Ndani ya seli ya mtoto, ribosomu husoma maagizo ya DNA na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine kuwa protini. Asidi amino ziko 20, na mwili hauwezi kujitengenezea zote. Protini ya mahindi ina upungufu wa mbili kati ya zile ambazo lazima tuzile, lisini na triptofani. Ribosomu ikifika mahali panapohitaji lisini na lisini haipo, kazi inasimama, hata kama nyingine 19 zimejaa tele. Mfupa hauongezeki urefu, msuli haujengwi. Maharage yana lisini nyingi, na kile yalichopungukiwa, methionini, kinapatikana kwenye mahindi. Makande, mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, chakula ambacho watu wazima wengi wanakikumbuka kwa uchovu wa bweni, ni mlo unaokamilishana kwa kipimo ambacho mtaalamu wa lishe angehangaika kukitunga.

Tatizo ni kwamba maharage ya Ufipa yana soko. Yanapimwa kwa debe, yanapakiwa, yanashuka Tunduma na Mbeya, na nyumbani hubaki mahindi. Siwalaumu wanaouza, ada ya shule na matibabu hailipwi kwa maharage yaliyo chunguni. Lakini debe moja lililobakizwa ndani kwa ajili ya watoto wadogo lina thamani isiyoonekana kwenye bei ya gulio.

Na maharage yanataka kupikwa kwa subira, kwa sababu ya seli zake. Punje ni mkusanyiko wa seli zilizogandishwa kwa pektini, kila moja imejaa wanga na protini ndani ya ukuta wake. Maharage mabichi yana pia lektini, protini inayoshambulia seli za utumbo, na ni kuchemsha sawasawa kunakoiharibu. Moto mdogo wa muda mrefu usiofikisha mchemko hautoshi. Yakilowekwa usiku na kuchemshwa vizuri, pektini inayeyuka na seli zinaachana. Ponda punje iliyoiva kati ya vidole: ule unga laini unaousikia ni seli moja moja au vikundi vyake vidogo, nyingi bado zimefunga kuta zake na wanga ukiwa ndani. Mtu mzima hufaidika na hilo, sukari inaingia mwilini taratibu na shibe inakaa. Kwa mtoto wa miezi sita anayeanza kula, kuta hizo ni kazi nzito, kwa hiyo maharage yake yapondwe sana na yachujwe maganda kabla ya kuchanganywa kwenye uji.

Chakula kizuri chenyewe hakitoshi. Utumbo mdogo umetandikwa seli za safu moja, zinazojifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5, na juu ya seli hizo ndipo lisini ile inapovukia kuingia kwenye damu. Mtoto anayekunywa maji yenye kinyesi na kutambaa penye kinyesi cha kuku humeza bakteria kila siku. Huenda asiharishe. Lakini seli zake za utumbo zinabaki katika mapambano yasiyoisha, vidole vidogo vya utumbo vya kufyonzea chakula vinakuwa vifupi na butu, na protini aliyokula inapita bila kufyonzwa. Wataalamu wa lishe wengi wanaihesabu hali hiyo kuwa sababu mojawapo ya udumavu usioponywa na chakula peke yake. Kwa hiyo mama anayepewa kliniki ushauri wa kuongeza maharage kwenye uji, aambiwe palepale habari ya choo, ya kunawa mikono kwa sabuni na ya kuchemsha maji, na aambiwe kwa sababu zake, kama mtu anayelisha seli mpya kila wiki.